MATUMIZI YA MASHINE YA KUTAMBUA METALI KATIKA MCHANGA ULIOLOWA MAJI YA BAHARI

Watumishi wa Serikali na wakazi wa Unguja na Pemba wanaarifiwa kuwa mashine ya kutambua metali, ambayo wengi huiita detekta, huweza kulia katika mchanga uliolowa maji ya bahari hata pasipokuwa na metali yoyote chini yake. Sababu ya mlio huo inajulikana na si ya kutisha. Lakini mtu asiyeijua huweza kuchimba mashimo bure siku nzima, au, vibaya zaidi, akamlipa mtu aliyemshawishi kuwa mlio huo ni mali iliyofukiwa na wakubwa wa zamani. Maelezo haya yametolewa ili Sheha, mwalimu, mwenye hoteli na mwananchi wa kawaida wapate namna ya kuupima mlio kabla ya kuuamini.

Inafaa kuanzia Masasi na Newala, ingawa ni mbali na pwani, kwani ndiko simulizi nyingi za aina hii zinakokutana na mashine zenyewe. Uhusiano baina ya visiwa hivi na nchi ile si wa jana. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, akikusudia kuwafikisha upande wa Ziwa Nyasa, nao wakaishia kuweka makao Masasi, chini ya milima ya mawe. Baadaye Wamakonde wengi walihamia Unguja na kuifanya kuwa kwao. Watu wakienda na kurudi, hadithi nazo husafiri.

Hadithi yenyewe husema kwamba Wajerumani waliposhindwa walifukia masanduku ya dhahabu. Ni kweli kuwa vita vilipita huko. Mwaka 1916 majeshi ya Wareno yalivuka mto Ruvuma, na mwezi wa Oktoba yakaitwaa Newala, kisha yakaondoka mwishoni mwa Novemba baada ya kuzingirwa. Mwaka uliofuata kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alirudi nyuma kupitia uwanda wa Makonde, akawaacha wagonjwa na majeruhi wake, na tarehe 25 Novemba 1917 akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Ni kweli pia kwamba mwaka 1916 Tabora ilipigwa sarafu ya dhahabu ya rupia 15, na huenda sarafu hiyo ndiyo iliyowasha tamaa za watu. Hata hivyo, jeshi lililovuka mto kwa kuwa limepungukiwa na chakula na risasi si jeshi la kudhaniwa kuwa na hazina ya kuzika. Kinachotarajiwa kusalia katika ardhi ile ni maganda ya risasi, vipande vya makombora na vyuma vya mizigo.

Mtu aliyejifunzia mashine yake juu ya uwanda wa Newala amejifunzia mahali pepesi. Udongo wa kule ni mwekundu wenye mchanga, na wakati wa kiangazi hukauka kabisa. Udongo mwekundu una chembe za chuma, nazo huisumbua mashine kidogo; lakini usumbufu huo ni ule ule hatua baada ya hatua. Mwenye mashine huisawazisha na ardhi asubuhi, kisha hufanya kazi kwa muda mrefu bila taabu. Mtu huyo huyo akishuka Mikindani au Lindi, au akavuka mpaka Nungwi, na kuingia katika mchanga ambao bahari imetoka kuuacha, mashine humgeuka.

Ufafanuzi wake ni huu. Duara la waya lililo mwisho wa fimbo hupitisha umeme unaobadili mwelekeo mara elfu kadhaa kwa sekunde. Umeme huo huzalisha nguvu ya sumaku inayoingia ardhini. Ikikuta kitu kinachopitisha umeme, kama vile pete, huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme inayozunguka, nayo mikondo hiyo hurudisha nguvu yake ya sumaku, ikiwa imechelewa kidogo. Mashine hupima ukubwa wa jibu hilo na kiasi cha kuchelewa kwake, na kutokana na hayo hukisia ni kitu gani. Mashine haioni dhahabu wala haijui thamani. Inachojua ni kwamba kuna kitu kinachopitisha umeme.

Maji ya bahari nayo hupitisha umeme. Kila kilo moja ya maji hayo ina gramu 35 hivi za chumvi, na mchanga ulioyanywa hugeuka kuwa pande moja kubwa, dhaifu, lakini linalojibu. Jibu lake hufanana sana na jibu la metali nyembamba au ndogo, kama karatasi ya sigara, mkufu mwembamba au hereni. Hapa ndipo penye mtego. Mwenye mashine akichoshwa na kelele hutumia kitufe cha kuchuja ili milio ya aina hiyo isisikike. Kelele hunyamaza, naye hufurahi. Lakini pamoja na chumvi amezinyamazisha pia hereni na mkufu, vitu ambavyo mgeni wa hoteli au bibi harusi hulia kwa kuvipoteza. Atatembea juu yavyo asijue.

Njia iliyo bora ni kupunguza usikivu wa mashine kidogo kidogo mpaka itulie, na kuisawazisha upya papo hapo juu ya mchanga uliolowa, si juu ya mchanga mkavu ulio karibu na minazi. Mtumiaji atembee sambamba na ukingo wa maji. Akitembea kwa kushuka na kupanda, kila hatua humtoa katika kavu na kumwingiza katika maji, na mashine huhesabu badiliko hilo kuwa ni kitu. Duara lipitishwe taratibu na kwa kimo kimoja, kwani kuliinua na kulishusha juu ya mchanga wa chumvi kunatosha kuleta mlio. Mahali pagumu kuliko pote ni pale mawimbi yanapofunika na kufunua. Hapo ni afadhali kungoja maji yapwe. Wavuvi hawahitaji kufundishwa jambo hili: siku za bamvua, baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya Unguja hupanda na kushuka karibu mita nne, na eneo linaloachwa wazi ni kubwa zaidi kuliko siku za maji mafu.

Ziko mashine zilizotengenezwa kwa kazi hii. Zile zinazotumia mizunguko ya aina nyingi kwa pamoja, ambazo zilianza kuuzwa miaka ya mwanzo ya 1990, hulinganisha majibu na kuliondoa lile la chumvi. Nyingine hutuma mapigo mafupi ya umeme, zikanyamaza, kisha zikasikiliza. Jibu la chumvi hufifia katika sehemu chache za milioni za sekunde, wakati jibu la metali nzito hudumu zaidi. Hizi husikia kina kirefu, lakini hazitofautishi vizuri msumari na sarafu, na katika fukwe zetu zenye mabaki ya majahazi mwenye nayo atachimba misumari mingi.

Sasa ikiwa mtu amefika kijijini na mashine, amesimama katika mchanga wenye maji na kudai kuwa chini pana mali, aombwe afanye mambo machache mbele ya watu. Apitishe duara kutoka kaskazini kwenda kusini, kisha kutoka mashariki kwenda magharibi. Metali hulia mahali pale pale kwa njia zote mbili, ilhali mlio wa chumvi huhama au huenea. Aende hatua kumi pembeni, ambako hakudai kuwa na kitu, na afanye vivyo hivyo. Mashine ikilia na huko, jibu limepatikana. Ifungwe pete kwa uzi, ifukiwe kina cha kiganja katika mchanga ule ule, naye aitafute bila kuoneshwa. Asiyeweza kuipata pete hiyo hana haki ya kudai ada kwa sanduku lililo kina cha mtu mzima. Na atakayekataa jaribio asilipwe.

Pana mlio wa kweli ambao pia haufai kuchimbuliwa. Bandari ya Unguja ilipigwa kwa mizinga tarehe 27 Agosti 1896, na tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha HMS Pegasus papo hapo. Kombora lisiloripuka halipotezi hatari yake kwa kukaa katika chumvi. Kutu hulifanya lisitabirike. Chuma kirefu chenye umbo la chupa, kiwe cha pwani au cha shamba la mikorosho Newala, kisigongwe, kisioshwe wala kisibebwe. Watu waondolewe na Polisi waitwe.

Kuhusu vitu vya kale, Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inayolinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 na kutaka uchimbaji wake uwe kwa kibali. Visiwani mambo ya kale husimamiwa kwa sheria za Zanzibar yenyewe, na ulinzi wa kisheria wa maeneo hayo ulianza tangu mwaka 1927. Kibali cha mahali pamoja hakimruhusu mtu kuchimba pengine. Sababu si kumnyima mwananchi bahati yake. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu, na kwa kuwa zilichimbuliwa kwa utaratibu, zimesaidia kueleza biashara ya visiwa hivi miaka elfu moja hivi iliyopita. Zingeuzwa moja moja sokoni zingekuwa vipande vya fedha tu.

Mfano mwingine ni wa mbali. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota katika mchanga wa kisiwa cha Marchinbar sarafu tano za shaba za Kilwa. Hakuwa mtaalamu, lakini aliweka alama katika ramani mahali alipoziokota, na mwaka 2013 watafiti waliweza kurudi huko kwa kuifuata ramani hiyo. Kwa hiyo atakayeokota kitu cha kale katika fukwe zetu aache kuchimba zaidi, asikisugue, na ampelekee Sheha wake taarifa yenye siku, saa, hali ya maji, kina cha kitu, na umbali wake kwa hatua kutoka kwenye jiwe au mti usiohama.