Lakabu ya Mwandishi: Sitara au Maficho?

Barua zisizo na jina hufika katika ofisi ya msikiti wetu hapa Tabora, nyingine zikipenyezwa chini ya mlango baada ya swala ya isha. Kamati huzisoma, kisha hujiuliza swali ambalo wahariri nao hujiuliza: mtu anayeandika kwa jina la bandia anajisitiri au anajificha?

Mji huu ni mzoefu wa lakabu. Katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Unyanyembe hadi Ujiji, mtu aliweza kuondoka pwani na jina la baba yake, akarejea na jina alilopewa na watu wa bara. Hamed bin Muhammed el-Murjebi alieleza mwenyewe kwamba aliitwa Tippu Tip kwa sababu ya mlio wa bunduki zake. Wengine walisema ni kwa kupepesa macho. (Waliopotezewa majina pamoja na uhuru wao katika misafara hiyo hawakuulizwa.) Alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha Ujerumani mwaka 1902 na 1903. Toleo lililotoka baadaye Afrika Mashariki lilibeba majina yote mawili, na neno “yaani” katikati. Lakabu ile haikumficha, ilimtangaza.

Wanazuoni wa hadithi walikwishaliona jambo hili. Abu Hurayra anajulikana kwa kuniya yake, na jina lake la asili wamehitilafiana juu yake, lakini hakuna anayemhesabu kuwa majhuli. Walichokemea ni tadlisi ya masheikh, yaani mpokezi kumtaja sheikh wake kwa jina lisilozoeleka ili asitambulike. Jina geni halikuwa tatizo lao. Tatizo lilikuwa kuufuta unyayo.

Washairi wetu nao wana njia zao. Amiri Sudi Andanenga alijiita Sauti ya Kiza, na wapenzi wa mashairi walijua ni nani. Saadani Kandoro, mzaliwa wa Ujiji, aliandika wakati wa mkoloni juu ya siafu wanaomsonga nyoka: jina aliliacha wazi, maana akaifunika. Ni ufundi wa hali ya juu, ila hatuwezi kumdai mjane awe malenga kwanza ndipo alalamike.

Na mjane ndiye anayetushughulisha. Anataka kuuliza katika ukurasa wa familia kwa nini mashemeji wameishika nyumba na thumni yake haijatolewa. Akiweka jina lake, amewaanika wanawe na wakwe zake katika mji ambao ukoo hujulikana kutoka Gongoni hadi Isevya. Basi na aandike “Mama Fulani, Tabora”. Swali lake ni la mirathi, na jawabu lake halibadiliki kwa kumjua muulizaji.

Tofauti ni “Mpenda Haki” anayemtaja mweka hazina kwa jina lake kamili, na la ukoo, huku lake akilifunika. Huyo ameshika silaha ambayo mwenzake hana. Kwa maoni yetu mhariri amchapishe kwa lakabu akitaka, lakini jina halisi alijue na alihifadhi, ili ushahidi ukihitajika apatikane wa kuuleta.

Hapa msikitini, barua za mirathi tunazipeleka kwa masheikh bila kutafuta ni za nani. Za tuhuma zinakaa kabatini mpaka mwandishi aje mwenyewe, hata usiku, hata kwa mlango wa nyuma.