Begi la Turubai Linavuja: Mishumaa, Kibati cha Nta au Nailoni?

Masika yanabisha hodi na begi lako la turubai linavuja. Usikimbilie jipya: lipake nta.

Kwanza hakikisha ni turubai la pamba, maana siku hizi hata plastiki ya kufunikia lori huitwa turubai. Chomoa uzi mmoja, uuchome. Pamba huacha jivu laini. Nailoni huyeyuka na kuganda kama ushanga. Ukiona ushanga, nta haikufai. Tafuta dawa ya kupuliza ya kuzuia maji, ukijua nayo huisha na itabidi urudie.

Kama ni pamba, kuna kibati cha nta maalumu. Hakina usumbufu, lakini vingi hutosha koti moja tu. Ukiagiza nje, bei ya kibati si bei utakayolipa: ongeza usafirishaji, ongeza na ushuru. Halafu ndani ya baadhi mna parafini na nta ya nyuki, basi. Vyote viko mtaani.

Mimi nachanganya mwenyewe: gramu 90 za mishumaa myeupe ya kawaida (ndiyo parafini), gramu 10 za nta ya nyuki. Mishumaa mitupu hukakamaa na kupasuka kwenye mikunjo. Nta tupu hunata na kukusanya vumbi. Tuseme mshumaa ni shilingi 500 na una gramu 45: umetumia 1,000, na nta kidogo tu. Nta waulize wauza asali, hasa ukipita Tabora. Usikubali kuuziwa kilo nzima.

Gharama iliyojificha ni vyombo. Kopo la kuyeyushia halirudi jikoni. Liweke ndani ya sufuria ya maji yanayochemka, kamwe si juu ya moto wenyewe, maana mvuke wa nta hushika moto. Ikiganda, sugua kwenye begi kavu, kisha pitisha pasi juu ya kitambaa chakavu hadi nta izame. Tafuta pasi mbovu ya kazi hiyo. Yangu nzuri iliacha madoa kwenye sare ya shule, na sare ni ghali kuliko mishumaa yote niliyonunua. Mafuta ya taa ya kulainishia? Hapana: harufu yake haitoki upesi, na ni hatari jikoni.

Begi litakuwa zito kidogo na rangi itakolea. Usilifue kwa maji ya moto na sabuni. Mabegani na chini, panaposuguana, rudia kila mwaka.

Hema usiguse. Eneo lake ni kubwa, litakula nta nyingi, uibebe mgongoni, na kitambaa chenye nta huwaka upesi.

Na kama hata hela ya mishumaa huna, nunua mita moja ya karatasi ya nailoni, itandaze ndani ya begi. Turubai litalowa, madaftari hayatalowa.