Shauri la Sheria Lisilonunuliwa

Huko Kariakoo, katika mji wa Dar es Salaam, kila kitu kina bei yake: nazi, kanga, taa, hata maji ya kunywa. Lakini katika mji huo huo wako wanasheria watoao shauri bila malipo. Mojawapo ya vyama vyao ni TAWLA, chama cha wanawake wanasheria, kilichoanzishwa mwaka 1989.

Fikirini habari ya mjane aliyefiwa na mumewe juzijuzi. Ndugu za marehemu wamemjia na karatasi, wakisema, “Shemeji, weka dole gumba hapa, nasi tutakutunzia nyumba.” Hajui kusoma, na wapangaji wamekatazwa wasimpe kodi. Aende wapi? Wakili ataka fedha, naye hana hata ya unga.

Akifika kwa watoa msaada, kwanza husikilizwa, wala hakatizwi maneno. Kisha huambiwa: usitie dole katika karatasi usiyoielewa; tafuta cheti cha kifo; nenda Mahakama ya Mwanzo kwa shauri la mirathi. Mahakama hutoa tangazo, ili mwenye kupinga aje aseme. Tena msimamizi wa mirathi, awe mjane au shemeji, si mwenye mali. Kazi yake ni kuikusanya, kulipa madeni na kuwagawia warithi. Wengi hawalijui neno hili, na hapo ndipo wanaponyang'anywa.

Tena Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria wakaao mitaani. Hao si mawakili, wala hawamsemei mtu mahakamani. Bali humfundisha apange maneno yake, akasimame mbele ya hakimu na kuyasema mwenyewe.