Kubadilisha Mota ya Waipa Katika Boti ya Parokia



Mwambao wetu wa Ziwa Tanganyika, kutoka Kirando na Kipili hadi Wampembe, Kala na Kasanga, bado unategemea sana boti. Boti ileile humpeleka padre kigangoni, hubeba dawa, na usiku humkimbiza mama mjamzito hospitalini. Msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, waipa ikifa nahodha haoni mbele. Akisubiri, mgonjwa anachelewa. Akienda, njiani kuna mitumbwi isiyo na taa, na taa za wavuvi wa dagaa hutawanyika kwenye kioo kilicholowa asijue ipi iko karibu.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kama kweli mota ndiyo mbovu. Angalia fyuzi, kisha swichi, kisha maungio ya nyaya, maana unyevu huyaozesha. Washa swichi na upime kwa taa ya kupimia pale waya unapoingia kwenye mota. Kama umeme haufiki, tatizo ni waya. Kama unafika na mota haizunguki, fungua mkono wa waipa na ujaribu tena, kwani wakati mwingine ekseli yake imekamatwa na kutu. Ikibaki kimya, mota imekufa.

Maduka ya spea yako Sumbawanga, juu kwenye uwanda wa Ufipa. Kutoka Kasanga ni zaidi ya kilomita 100. Anayetumwa bila vipimo hurudi na mota isiyoingia. Kwa hiyo mpeni mota ya zamani mkononi, au karatasi yenye mambo haya:

1. Volti za betri za boti: 12 au 24.
2. Urefu na unene wa ekseli inayopita ukutani kwenda nje.
3. Urefu wa mkono, na upana wa eneo unalofuta kwenye kioo.
4. Idadi ya nyaya. Waya wa ziada mara nyingi ni ule unaorudisha mkono pembeni swichi inapozimwa.

Mota ya gari inaweza kusaidia, lakini tahadhari. Katika magari mengi hasi ya umeme hupitia kwenye bodi ya chuma. Boti ya mbao au ya faiba haina bodi hiyo, hivyo mota ipewe waya wake wa hasi hadi kwenye betri. Boti ya chuma nayo ipewe waya huo, kwa sababu umeme ukipitia kwenye bodi huharakisha kutu.

Wakati wa kufunga, fuateni utaratibu huu:

1. Ondoa kwanza waya wa hasi wa betri.
2. Weka alama kwenye nyaya na mahali mkono unapolala.
3. Toa mota ya zamani, safisha tundu, weka raba mpya na gundi ya silikoni ili maji yasiingie.
4. Unganisha nyaya, zining'inie kidogo chini ya maungio ili matone yadondokee hapo.
5. Weka fyuzi ya kiwango kilichoandikwa kwenye mota mpya.
6. Rudisha waya wa betri, zungusha mota bila mkono, izime, ndipo ufunge mkono mahali pa kulala. Jaribu kioo kikiwa kimelowa.

Uzee wa chombo peke yake usiwavunje moyo. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikazamishwa mwaka 1916, ikainuliwa mwaka 1924 na kuanza kazi tena mwaka 1927. Katika miaka ya 1970 injini zake za mvuke zilibadilishwa kwa za dizeli, ikaendelea kuhudumia Kipili na Kasanga kwa miongo mingi. Chombo hudumu kwa kubadilishiwa vipuri.

Tunaomba halmashauri za walei ziweke kifungu cha spea katika bajeti ya kila mwaka, na mota moja ya akiba ikae kabatini kabla ya Novemba. Nanyi wafadhili wetu, mnapochangia boti, changieni na vipuri vyake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.