Mwanga Unaotafuta Seli za Saratani

Mwanamke wa Kishanda, wilayani Muleba mkoani Kagera, anapopimwa saratani ya mlango wa kizazi, muuguzi hupaka siki ya asilimia 3 hadi 5, husubiri dakika moja, kisha humulika na kuangalia. Penye uzima hubaki na rangi ya waridi. Penye seli zilizoanza kubadilika hutokea doa jeupe, kwa sababu seli hizo zimesongamana, viini vyake ni vikubwa, na siki ikigandisha protini zake mwanga hurudi badala ya kupenya.

Wanasayansi wa chembe za nano wanafuata njia hiyohiyo, ila wao wanataka kuitambua seli mojamoja. Unywele una unene wa nanomita zipatazo 80,000. Chembe za silika alizobuni Ulrich Wiesner wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, hazifiki 10. Ndani yake mna rangi inayomeza mwanga wa aina moja na kuutoa ukiwa wa aina nyingine. Mwaka 2011 Marekani iliruhusu zijaribiwe kwa binadamu. Udogo huo una faida kubwa: figo huzichuja zikatoka na mkojo.

Kung'aa ni jambo rahisi. Kazi ipo katika kuhakikisha kinachong'aa ni kile unachokitafuta. Seli ya saratani ni seli yetu wenyewe iliyoasi, na mara nyingi inachotofautiana na nzima ni kiasi tu. Katika miaka ya 1920 Otto Warburg alionyesha kwamba hutumia sukari kwa pupa na kutoa asidi. Ndiyo maana pH kuzunguka uvimbe huweza kushuka kutoka 7.4 hadi chini ya 7. Baadhi ya saratani hujaza vipokezi vya foleti juu ya ngozi ya seli. Nyingine humwaga vimeng'enya vinavyokata protini ili zipate pa kupita.

Katika ubunifu unaotumia tofauti hizi, ninaoupenda zaidi ni ule wa rangi iliyofungwa, isiyong'aa mpaka kimeng'enya kiikate. Dawa ya pegulicianine, ambayo ni molekuli wala si chembe ya nano, hufanya hivyo. Iliidhinishwa Marekani Aprili 2024: daktari akishaondoa uvimbe wa titi, humulika ndani ya jeraha kutafuta mabaki.

Lakini mwanga huonyesha dalili, hauonyeshi saratani yenyewe. Mahali penye uvimbe wa maambukizi napo pana asidi na vimeng'enya, na huweza kung'aa, kama vile maambukizi ya kawaida yanavyoweza kuweka doa jeupe chini ya siki. Neno la mwisho bado ni la mtaalamu wa patholojia anayekitazama kwa hadubini kinyama kilichokatwa.

Kwetu Kagera jambo hili lina uzito wa pekee. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani humu mwaka 1983, na mwanamke anayeishi na VVU ana hatari mara sita zaidi ya kupata saratani ya mlango wa kizazi. Saratani ya Kaposi nayo huwapata zaidi wanaoishi na VVU.

Kwa maoni yangu, chembe hizi zianzie kwetu maabara, si chumba cha upasuaji. Upasuaji unahitaji kamera za infraredi na ushahidi kwamba dawa ni salama mwilini. Sampuli iliyo kwenye kioo cha maabara haihitaji hayo. Tena maabara za kifua kikuu zimekwisha kuzoea mwanga huu: vimelea vilivyopakwa auramini huonekana kama vijiti vya kijani-njano kwenye giza.

Jirani zetu wa Uganda wameonja mfano wa karibu. David Erickson na wenzake wa Cornell walijaribu huko kifaa kidogo kinachoweza kupashwa kwa umeme, jua au moto, na kutambua kwa rangi ing'aayo DNA ya kirusi kinachosababisha saratani ya Kaposi katika kinyama. Kinatafuta kirusi, bado si seli. Ila kimeonyesha kwamba kituo kisicho na umeme wa uhakika kinaweza kupata jibu siku hiyohiyo, badala ya kinyama kusafirishwa hadi hospitali kubwa na mgonjwa kubaki akisubiri.

Wakati utafiti ukiendelea, siki ipo. Majibu hutoka mwanamke akiwa bado kitandani, na doa dogo aghalabu huweza kutibiwa kabla halijawa saratani. Na tangu 2024 hapa nchini msichana wa miaka 9 hadi 14 huhitaji dozi moja tu ya chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi.