Andika Saa Zako Kabla ya Kutaja Bei

Mbunifu wa michoro akiulizwa nembo itamchukua muda gani, hujibu haraka: siku tatu. Hapo amehesabu kuchora tu. Kikao cha kwanza na mteja hakimo, simu za usiku hazimo, wala ujumbe wa WhatsApp wa "ongeza bluu kidogo" unaoingia baada ya kazi kukubaliwa. Udhaifu huu hauko kwa wasanii peke yao. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994, Roger Buehler na wenzake waliwataka wanafunzi wa saikolojia wakisie siku za kumaliza tasnifu zao. Wastani wa makisio ulikuwa takriban siku 34. Kazi ikala zaidi ya 55. Basi anayepanga bei kwa kukisia, mara nyingi hujipunja mwenyewe.

Wapo wanaosema ubunifu haupimwi kwa saa, na wana hoja. Mwaka 1878, mahakamani London, mchoraji James Whistler aliulizwa kama gini 200 alizodai kwa mchoro mmoja ni ujira wa siku mbili. Alijibu kuwa anadai malipo ya maarifa aliyoyachuma maisha yake yote. Jibu lile linahusu bei, nayo bei ni mapatano. Gharama ni jambo jingine. Tuseme nembo imelipiwa shilingi 300,000. Ikichukua saa 15, kila saa imeleta 20,000. Marekebisho yakiifikisha saa 30, imeleta 10,000. Mteja hana haja ya kuziona hesabu hizo, ila mbunifu aliyeziandika ataweka sharti kwenye mkataba ujao: marekebisho mawili ni bure, la tatu linalipiwa.

Katika kampuni za matangazo hofu ni nyingine: kwamba daftari la saa litageuzwa kiboko. Hofu hiyo ina msingi pale programu inapopiga picha skrini ya mfanyakazi kila baada ya dakika chache. Huo ni upelelezi, na hauwezi kuiona saa ya kufikiri. Daftari la haki hujazwa na mfanyakazi mwenyewe, siku ileile, kwa kila kazi, kufikiri na vikao vikiwemo. La kujazwa Ijumaa jioni kwa kukumbuka ni makisio yaleyale. Mkurugenzi alitumie kupanga bei na kugawa kazi, asilitumie kupanga watu madaraja. Nawe unayejiajiri, anza na kazi iliyo mezani leo, na usimtajie mteja anayefuata bei kabla hujajumlisha saa za kazi hiyo.