Ununuzi na Utunzaji wa Mbwa wa Aina ya Shih Tzu

Yapo malalamiko ya wanunuzi wa mbwa ambayo hayatokani na uongo wa muuzaji bali na ukimya wake. Mnunuzi huonyeshwa picha ya mbwa mdogo ambaye nywele zake zimeteremka hadi sakafuni na utepe umefungwa kichwani. Hulipa, naye hupokea mbwa mwenye afya. Miezi michache baadaye humpeleka saluni, na jioni hurudishiwa mbwa aliyenyolewa karibu na ngozi, mwenye wekundu kwapani na nyuma ya masikio. Hukasirika na kudai fedha zake. Mara nyingi dai hilo ni gumu kulitetea, kwa kuwa nywele zilikwisha kusokotana hadi kwenye ngozi, na kuzifumua fundo moja baada ya jingine kungekuwa kumtesa mnyama. Muuzaji hakumweleza mnunuzi kazi inayofuatana na nywele zile, na mnunuzi hakuuliza.

Shih Tzu ni mbwa mwenye asili ya Tibet na China, aliyelelewa katika majumba ya wafalme wa China. Jina lake kwa Kichina lina maana ya simba. Hakuzalishwa kwa ajili ya kuwinda wala kulinda. Kazi yake ni kukaa na watu, na akifungiwa peke yake uani kutwa nzima hunyong'onyea. Akikomaa huwa na uzito wa kilo 4 hadi 7, na kwa kawaida huishi miaka 10 hadi 16. Mzazi anayemnunulia mbwa huyu mtoto wa darasa la kwanza afahamu kwamba mtoto huyo anaweza kumaliza kidato cha nne, na mbwa akawa bado yupo nyumbani akisubiri kuchanwa.

Kazi ya nywele

Nywele za mbwa wa kawaida hukua hadi kiasi fulani kisha hudondoka. Za Shih Tzu huendelea kurefuka kwa muda mrefu, na zile zinazong'oka hunaswa katikati ya zilizo hai. Ndiyo sababu wauzaji husema kwamba mbwa huyu "hamwagi nywele". Ni kweli kwamba huzioni sana kwenye makochi, lakini zimebaki mwilini mwake, na huko ndiko mafundo yanakoanzia: nyuma ya masikio, kwapani, chini ya mkanda wa shingoni na katikati ya miguu ya nyuma.

Mwenye kumwachia nywele ndefu hana budi kumchana kila siku. Kosa la kawaida ni kupitisha brashi juu juu. Kwa nje mbwa huonekana laini, kumbe chini nywele zimeshikamana mithili ya mkeka. Zigawe nywele tabaka kwa tabaka mpaka uione ngozi, anza na brashi, kisha maliza kwa kitana cha chuma. Kitana kikipita kutoka kwenye ngozi hadi ncha bila kukwama, sehemu hiyo imekamilika. Fanya hivyo kabla ya kumwogesha, kwa maana fundo likilowa hukaza zaidi. Kuoga mara moja kila wiki mbili hadi nne kunatosha. Tumia shampuu iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa, kwani ngozi yake si sawa na ya binadamu, na umkaushe hadi kwenye ngozi.

Anapokaribia kutimiza mwaka mmoja, nywele za utotoni hupisha nywele za ukubwa. Kipindi hicho mafundo huota kwa kasi hata kwa mwenye bidii, na wengi hukata tamaa hapo. Kwa maoni ya mwandishi, nyumba isiyo na mtu mwenye dakika ishirini za kila siku ichague mkato mfupi tangu mwanzo, bila kuona haya. Mbwa hajui kwamba kwenye tangazo alikuwa na utepe. Hata hivyo mkato mfupi hauondoi kitana, bali hupunguza siku zake, nao huhitaji kurudiwa kila baada ya wiki sita hadi nane.

Hapo ndipo hesabu ya mlaji inapopaswa kuanza. Uliza bei ya saluni iliyo karibu nawe, izidishe kwa mara saba au nane kwa mwaka, kisha kwa miaka kumi na miwili. Linganisha jumla hiyo na bei uliyotajiwa na muuzaji, na bado hujaongeza chakula, chanjo wala daktari. Unapompeleka saluni, mkubaliane kwa maandishi kabla ya kazi kuanza: nywele zitabaki na urefu gani, na mafundo yakikutwa, yatatozwa kiasi gani au mbwa atanyolewa.

Joto, macho na kupe

Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na pua fupi ya Shih Tzu humpunguzia uwezo huo. Kwa wakazi wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa jambo hili lina uzito kuliko nywele. Mtembeze alfajiri au baada ya jua kutua, umvalishe mkanda wa kifuani badala ya wa shingoni, na usimwache ndani ya gari lililofungwa hata kivulini. Akihema kwa kelele, akipepesuka au ulimi ukibadilika rangi, mloweshe kwa maji ya baridi ya kawaida, mpepee, na umpeleke kwa daktari wa mifugo papo hapo.

Macho yake yamejitokeza nje na hukwaruzwa kwa urahisi. Jicho linalofumbwa nusu au kutoa machozi mengi lionwe na daktari siku hiyo hiyo. Usitumie dawa ya macho ya binadamu iliyobaki kabatini, kwa sababu baadhi ya dawa hizo huzidisha kidonda cha jicho.

Kupe hujificha vizuri katika nywele ndefu nao huambukiza magonjwa ya damu. Wapo wafugaji wanaochota kidogo dawa ya kuogeshea ng'ombe na kuikadiria kwa macho. Kwa mnyama wa kilo tano, kosa dogo la kipimo linaweza kuwa sumu. Dawa iwe ya mbwa, na ipimwe kwa uzito wake. Kuhusu chakula, mabaki ya pilau si salama kwa sababu ya vitunguu, na zabibu kavu na chokoleti nazo ni sumu kwake.

Kabla ya kulipa

Usilipe amana kwa simu kwa ajili ya mbwa uliyemwona pichani tu. Nenda ukamwone pamoja na mama yake. Asiwe na umri chini ya wiki nane. Kadi ya chanjo iwe na tarehe, kibandiko cha chupa ya chanjo, na sahihi ya daktari. Kwa kuwa chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu, kadi inayoonyesha kwamba mtoto wa wiki sita tayari ameipata inatia shaka. Nchini Tanzania, madaktari wa mifugo husajiliwa na Baraza la Veterinari lililoundwa kwa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Una haki ya kuomba namba ya usajili.

Ukiambiwa kwamba mbwa ni wa aina ya "kikombe" na bei yake ni ya juu kwa sababu hiyo, fahamu kwamba aina hiyo haipo. Ni Shih Tzu mdogo kupita kawaida, na udogo huo mara nyingi huja na maradhi. Ukiambiwa kwamba hawezi kumdhuru mwenye mzio, kataa pia: vinavyochochea mzio viko katika mate na ngozi ya kila mbwa. Omba aliyeathirika akae na mbwa huyo kwa saa kadhaa kabla ya malipo.

Dai stakabadhi yenye jina la muuzaji, tarehe, bei, maelezo ya mbwa, na muda ambao muuzaji atawajibika iwapo daktari atagundua ugonjwa uliokuwapo kabla ya mauzo. Mpeleke kwa daktari uliyemchagua mwenyewe ndani ya siku tatu, na uhifadhi tangazo la awali pamoja na ujumbe wote wa simu mliotumiana.